Hamisha, geuza, nakili: maneno ya kuhamishia mashine pepe

Kitenzi hamisha ni miongoni mwa vitenzi ambavyo kila mzungumzaji wa Kiswahili huamini anavijua kikamilifu. Hutumika kwa vyombo vya nyumbani, kwa walimu wanaopelekwa wilaya nyingine, kwa fedha zinazotoka akaunti moja kwenda nyingine, na kwa faili za kompyuta. Katika matumizi hayo yote hakileti tabu. Tabu huanza mfasiri anapokutana na mwongozo wa kiufundi unaoeleza namna ya kuitoa mashine pepe katika jukwaa moja na kuifikisha katika jukwaa la aina nyingine. Hapo neno moja hubebeshwa vitendo vitano au sita visivyofanana, na msomaji anayelichukua kwa maana yake ya kila siku anaweza kufuta kumbukumbu za ofisi nzima akidhani anafuata maelekezo.

Makala haya yanaeleza kwanza kitenzi chenyewe, kisha kazi inayotajwa, na mwisho maneno yanayofaa kila hatua ya kazi hiyo.

Hama na uzao wake

Mzizi ni hama, kuondoka mahali pa kukaa kwa nia ya kukaa kwingine. Mifano ifuatayo imewekwa Kimandolu, kata ya Jiji la Arusha iliyo upande wa mashariki, ambako, kama katika kata nyingine za mjini, watu hupanga nyumba na kuziacha.

"Mama Neema amehama Kimandolu." Ameondoka; sentensi haisemi alikokwenda.

"Mama Neema amehamia Kimandolu." Amefika, sentensi haisemi alikotoka.

"Mwenye nyumba amemhamisha Mama Neema." Uamuzi si wake tena, mtu mwingine ndiye mtendaji.

"Mama Neema amehamishia vyombo vyake Tengeru." Kitu kilichohamishwa ni vyombo, na mahali vilipofikishwa pametajwa. Huenda yeye mwenyewe bado analala Kimandolu.

Tofauti ya silabi moja hubadili mhusika, mwelekeo na dhima. Kosa linalojirudia sana katika tafsiri za kiufundi ni la kuchanganya hamia na hamishia. "Tumehamia Proxmox" ni sentensi sahihi: sisi, watumiaji, tumeacha jukwaa la zamani na sasa tunatumia jipya. "Tumehamia seva kwenye Proxmox" si sahihi, kwa sababu hamia haichukui kitu kinachobebwa. Inayotakiwa ni "Tumehamishia seva kwenye Proxmox". Ikumbukwe pia kwamba kiambishi hicho cha kutendea kina kazi ya pili, ya kutaja chombo. Gari la kuhamishia vyombo ni gari linalotumika katika kuhama, si gari ambamo vyombo vitakaa daima. Kwa kanuni hiyohiyo husemwa programu ya kuhamishia mashine.

Kuhusu umbo la kutendwa, hamishwa, mfasiri wa eneo la Mlima Meru anajua uzito wake bila kufundishwa. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru kutoka Engare Nanyuki ili ardhi ile wapewe walowezi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akalifikisha shauri la watu wake Umoja wa Mataifa, New York. Hakuna mzee wa Meru atakayesema kwamba watu wale walihama. Walihamishwa. Kiswahili kinalazimisha msemaji aamue kama kulikuwa na mtendaji wa nje, na lugha nyingi zinazotafsiriwa hazilazimishi hivyo. Ndiyo maana "seva imehama" husikika vibaya katika ripoti: seva haijiondoi yenyewe, na msomaji ana haki ya kujua ni nani aliyeiondoa na saa ngapi.

Mashine isiyo na chuma

Mashine pepe ni kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta ya kweli. Ina kichakataji chake, kumbukumbu yake, diski yake na kadi yake ya mtandao, ila vyote hivyo ni maigizo yanayosimamiwa na programu moja iliyo chini yake. Mfumo wa uendeshaji uliowekwa ndani, uwe Windows au Linux, huamini umekalia chuma cha kweli. Seva moja yenye nguvu huweza kubeba mashine pepe kumi au ishirini: moja ya barua pepe, moja ya mahesabu, moja ya mafaili ya idara, na kadhalika.

Neno pepe limekubalika katika barua pepe, nalo hufuata nomino bila kubadilika wala kuhitaji kihusishi: mashine pepe mbili, diski pepe hizi, si "mashine za pepe". Kuna wanaolipinga kwa kuwa pepe ni pia punje tupu ya nafaka, ile inayopeperushwa wakati wa kupepeta. Pingamizi hilo lina ukweli nusu. Mashine pepe haina mwili, lakini si tupu hata kidogo. Yaliyomo ndani yake ni kazi halisi ya watu halisi.

Programu inayobeba mashine pepe huitwa haipavaiza. Wengine husema programu simamizi, jambo linaloeleweka, ila simamizi hutumika kwa mambo mengi mno hata halitofautishi tena. Katika makala haya haipavaiza hutumika kwa ngeli ya I-ZI: haipavaiza hii, haipavaiza hizi.

Jambo moja ambalo Kiswahili kimelipatia vizuri ni jozi ya mwenyeji na mgeni. Kompyuta ya chuma ni mwenyeji, mashine pepe ni mgeni, na kila mtu aliyewahi kupokea mgeni anaelewa mara moja nani anategemea nini kwa nani. Tatizo ni upatanisho wa kisarufi. Mwenyeji na mgeni ni nomino za ngeli ya A-WA, na sentensi kama "mgeni amezimwa" humshtua msomaji. Njia nyepesi ni kuyatumia maneno hayo kama visifa baada ya nomino nyingine: seva mwenyeji imezimwa, mfumo mgeni umewashwa. Upatanisho hufuata seva na mfumo, na mshtuko hautokei.

Teknolojia hii si changa. IBM iliendesha mfumo wa CP-40 katika maabara yake ya Cambridge, Massachusetts, mwaka 1967. Kampuni ya VMware ilianzishwa mwaka 1998 na ikaifanya mashine pepe kuwa jambo la kawaida katika kompyuta za bei nafuu. Xen ilitoka Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwaka 2003. KVM iliingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2007, Hyper-V ya Microsoft ikafuata mwaka 2008, na mwaka huohuo kampuni moja ya Vienna ikatoa Proxmox VE, inayotumia KVM.

Mazungumzo ya kuhamisha yalizidi baada ya tarehe 22 Novemba 2023, Broadcom ilipokamilisha ununuzi wa VMware. Mwezi uliofuata uuzaji wa leseni za kudumu ulikomeshwa na kubakia malipo ya kila kipindi, na Februari 2024 toleo la bure la haipavaiza ya ESXi likaondolewa. Lilirudishwa Aprili 2025, lakini kufikia hapo ofisi nyingi duniani, kubwa kwa ndogo, zilikuwa zimekwisha kuanza kutafuta jukwaa jingine. Aprili 2024 Proxmox VE toleo la 8.2 lilikuja na kisaidizi cha kuingiza mashine moja kwa moja kutoka ESXi. Miongozo ya kazi hii sasa ni mingi, na sehemu yake inaanza kuandikwa au kutafsiriwa kwa Kiswahili. Hapo ndipo kitenzi kinapoanza kudai uangalifu.

Nini hasa kinachohama

Mpangaji anapohama nyumba, huchukua kitanda, masufuria na pazia. Hachukui kuta, milango wala mita ya umeme. Akifika nyumba mpya anaweza kukuta pazia ni fupi kwa dirisha na plagi ya friji haiingii ukutani. Mashine pepe inayobadilishiwa haipavaiza iko katika hali hiyohiyo. Kinachokwenda ni yaliyomo katika diski. Kichakataji cha kuigiza, kidhibiti cha diski, kadi ya mtandao na programu tangulizi ya kuwashia ni mali ya haipavaiza, nazo hubaki. Upande wa pili huundwa upya, na mara nyingi haviwi vilevile.

Hata diski yenyewe haiingii kama ilivyo. VMware huihifadhi katika faili la umbo la VMDK, Hyper-V hutumia VHDX, na jamii ya KVM hutumia zaidi QCOW2 au diski ghafi isiyo na umbo maalumu. Programu ya qemu-img husoma faili la umbo moja na kuandika jingine la umbo la pili. Faili la kwanza huachwa bila kuguswa. Upo pia mtindo wa pamoja wa kufungasha, OVF, ulioidhinishwa na shirika la viwango la DMTF, ambao hubeba diski pamoja na maelezo ya mashine. Maelezo hayo husaidia, ila hayaondoi tofauti za vifaa.

Tofauti hizo ndizo zinazowaliza mafundi usiku. Windows iliyozoea kidhibiti cha diski cha VMware, ikiwashwa juu ya KVM kwa kidhibiti cha virtio ambacho haina kiendeshi chake, husimama kwenye skrini ya bluu ikisema haifikii diski ya kuwashia. Diski ipo, data ipo, ila mlango wa kuifikia haujulikani. Dawa ni kuweka viendeshi vya virtio kabla ya kuondoka jukwaa la zamani, au kuiunganisha diski kwanza kwa kidhibiti cha SATA, kuwasha, kuweka viendeshi, kisha kurudi kwenye virtio. Mifumo mingi ya Linux ya miaka ya karibuni huwa navyo tayari, na hivyo huwaka bila manung'uniko, lakini huwa na fumbo lake: jina la kadi ya mtandao hubadilika. Kadi iliyojulikana kama ens192 chini ya VMware hujikuta ikiitwa ens18 chini ya Proxmox, na kwa kuwa anwani ya IP ilifungamanishwa na jina la kwanza, seva huwaka ikiwa bubu. Haijibu mtandaoni, na anayeitazama kutoka mbali hudhani imekufa.

Kuna na mengine ya kutajwa kwa haraka. Mashine iliyokuwa ikiwaka kwa UEFI haiwaki ikiundiwa BIOS. Mashine yenye diski iliyofumbwa kwa BitLocker hudai ufunguo wa dharura mara inapoona vifaa vipya, na ufunguo huo ukiwa umehifadhiwa ndani ya mashine hiyohiyo hakuna wa kuusoma. Leseni ya Windows huweza kutaka kuthibitishwa tena. Vifaa vya programu vya VMware vilivyowekwa ndani ya mgeni ni rahisi kuviondoa kabla ya safari na vigumu baada yake.

Hamisha si nakili

Sasa turudi kwenye neno. Katika programu zilizotafsiriwa, mtumiaji wa kawaida amekwisha kuzoea amri mbili: Nakili, inayoacha faili pale lilipokuwa na kutengeneza jingine, na Hamisha, inayoliondoa faili mahali pa kwanza. Mazoea hayo ni sahihi kabisa kwa Kiswahili. Aliyehamisha vyombo ameacha chumba kitupu. Chumba kikiwa na vyombo bado, hajahamisha.

Mwongozo unaosema "Hamisha faili la diski kwenye seva mpya" basi unamwambia msomaji aondoe diski ya asili. Fundi mwelewa hatafanya hivyo, lakini mwongozo hauandikwi kwa ajili ya fundi mwelewa peke yake. Unaandikwa pia kwa kijana aliyeachiwa ofisi Jumamosi mchana, mwenye maelekezo ya ukurasa mmoja mkononi. Akihamisha kweli, na seva mpya ikagoma kuwaka, hana pa kurudi. Kanuni ya kazi hii, katika kila jukwaa, ni kwamba mashine ya asili haiguswi mpaka ile mpya imekaguliwa na watumiaji wake kwa siku kadhaa. Kitenzi kinachosema kweli hapo ni nakili.

Kosa la upande wa pili nalo lipo. Anayesoma "nakili" pekee huweza kudhani kwamba mashine mbili zinaweza kuishi sambamba. Haziwezi. Zina jina moja, anwani moja ya IP, na pengine anwani moja ya MAC; zikiwashwa pamoja katika mtandao mmoja zitagombana, na ikiwa ni seva ya hifadhidata, baadhi ya watumiaji wataandika kwenye ya zamani na wengine kwenye mpya. Hakuna programu itakayoziunganisha risiti hizo baadaye; itabaki kazi ya mtu na karatasi. Kwa hiyo nakili lazima itanguliwe na zima, na zima iwe ya kweli: kuzima kwa amri ya mfumo mgeni wenyewe, si kukata umeme wake wa kuigiza. Windows ina desturi ya kulala nusu badala ya kuzima kabisa ili iwake haraka kesho yake. Hali hiyo iondolewe kwanza, maana diski inayonakiliwa katika usingizi hufika ikiwa na mambo ambayo hayajakamilika kuandikwa.

Kuhusu kubadili umbo la diski, mfasiri huchagua kati ya geuza na badilisha. Bora ni geuza. "Badilisha diski" masikioni mwa fundi yeyote wa Arusha maana yake ni toa hii, weka nyingine, kama anavyobadilisha tairi au betri. "Geuza diski iwe ya umbo la QCOW2" haiwezi kueleweka vibaya. Tofauti hii haikutungwa na wataalamu wa kompyuta. Ni ya siku zote. Maji hugeuka barafu, hayabadilishwi kwa barafu.

Kwa kufungasha mashine kuwa OVF na kuifungua upande wa pili, wafasiri wengi huandika safirisha na ingiza. Ingiza haina neno. Safirisha ina kasoro kwamba huashiria safari, ilhali katika hatua hiyo faili linaweza kuwa bado liko diski ileile. Toa inatosha: toa mashine katika umbo la OVF, kisha iingize Proxmox. Safirisha ihifadhiwe kwa safari yenyewe.

Safari yenyewe

Na safari si jambo dogo. Tuchukue mfano wa ofisi ya kubuni iliyoko Kimandolu yenye mashine pepe moja ya gigabaiti 500. Ndani ya jengo, kwa mtandao wa gigabiti 1 kwa sekunde, unakilishaji hauwezi kuwa chini ya saa moja na dakika saba hata mambo yote yakienda sawasawa; kwa kawaida huwa zaidi. Lakini kama seva mpya iko Dar es Salaam, na intaneti ya kupakia ni megabiti 20 kwa sekunde, hesabu ni nyingine: gigabaiti 500 ni megabiti milioni 4, zikigawanywa kwa 20 ni sekunde 200,000, yaani zaidi ya saa 55 bila kukatika hata mara moja. Basi la kutoka Arusha kwenda Dar es Salaam hutumia kutwa moja. Diski ya nje ndani ya begi, mikononi mwa mtu anayeaminika, itafika mbele ya intaneti kwa zaidi ya siku nzima.

Hapo safirisha ni neno sahihi kwa maana yake ya kale kabisa. Diski hiyo ifumbwe kabla ya kupanda basi, kwa kuwa ikiwa na majina, namba za simu au taarifa za afya za watu, inaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na begi kuibwa si udhuru.

Zama hizo 55 zinaeleza pia kwa nini mafundi hupunguza mzigo kwanza. Zile picha za hali ya mashine, zinazochukuliwa kabla ya masasisho ili kuweza kurudi nyuma, hutakiwa kuunganishwa na diski mama kabla ya kunakili. Zikiachwa, diski huwa imegawanyika katika mafaili yanayotegemeana, na anayenakili moja tu hufika na mashine ya miezi sita iliyopita. Hili ni kosa baya kuliko skrini ya bluu, kwa sababu mashine huwaka vizuri na hakuna anayeshtuka mpaka mhasibu atafute malipo ya juzi.

Kuhamisha ikiwa kazini

Kuna hali moja ambamo hamisha hufaa bila masharti. Seva mbili zenye haipavaiza ya aina moja, zilizounganishwa vizuri, huweza kupokezana mashine pepe ikiwa inaendelea kufanya kazi. VMware ilianza kutoa uwezo huo mwaka 2003. Kumbukumbu ya mashine hunakiliwa kurasa kwa kurasa huku ikitumika, kisha kwa kitambo kisichotambulika na mtumiaji mashine husita upande mmoja na kuendelea upande wa pili. Pale ilipokuwa haipo tena, na mashine ni ileile. Huku ndiko kuhamisha kwa maana kamili ya Kiswahili.

Wafasiri huandika "uhamishaji hai". Tungo hilo ni nakala ya lugha nyingine na halimwambii Mswahili kitu: hai huwa ni kuku, si uhamishaji. "Kuhamisha mashine ikiwa kazini" ni maneno mawili zaidi na hayahitaji maelezo. Na maelezo yanayohitajika kweli ni kwamba kati ya haipavaiza za aina tofauti jambo hili kwa kawaida haliwezekani, kwa kuwa kila moja huhifadhi hali ya kumbukumbu na ya vifaa vyake kwa namna yake. Wauzaji wa programu hupenda neno moja kwa kazi zote mbili. Mfasiri asiwafuate.

Uhamisho, uhamishaji, uhamiaji, uhamaji

Nomino nne hutokana na mzizi huu, na katika hati za kiufundi huchanganywa ovyo. Uhamiaji ni kuingia na kukaa nchi au mahali. Watanzania hulifahamu kwa Idara ya Uhamiaji, na halifai kwa seva. Uhamaji ni tabia au hali ya kuhamahama, kama ya wafugaji. Uhamisho ni tukio la kuhamishwa likitazamwa kama jambo moja lenye uamuzi nyuma yake: mwalimu hupata barua ya uhamisho, na tafsiri ya Biblia hulitumia neno hilo kwa habari ya Wayahudi kupelekwa Babeli. Uhamishaji ni kazi yenyewe ikiendelea.

Arusha inao mfano mzuri wa mbili za mwisho. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilifungwa tarehe 31 Desemba 2015 baada ya kukaa mjini humo kwa miaka mingi, na nyaraka zake zikawa dhamana ya taasisi iliyoirithi, ambayo mwaka 2016 ilifungua majengo yake Lakilaki, Arumeru. Dhamana kutoka mkono mmoja kwenda mwingine ni uhamisho. Kubeba maboksi ya karatasi na kanda za sauti ni uhamishaji. Katika kazi ya mashine pepe vivyo hivyo: bodi huidhinisha uhamisho, mafundi hufanya uhamishaji, na ratiba ya usiku wa kazi hupaswa kuitwa ratiba ya uhamishaji.

Maelekezo yakiandikwa vizuri

Linganisha matoleo mawili ya maelekezo yaleyale. La kwanza: "Hamia mashine yako kwenda jukwaa jipya. Badilisha diski na kuhamisha faili, kisha anzisha mashine." La pili:

"Unganisha picha zote za hali na diski mama. Weka viendeshi vya virtio, kisha ondoa vifaa vya programu vya VMware. Zima mashine kwa amri ya mfumo wake. Nakili faili la diski kwenye seva mpya. Faili la asili libaki lilipo. Geuza nakala iwe ya umbo la QCOW2. Unda mashine pepe mpya yenye programu ya kuwashia ya aina ileile, uiunganishe na diski hiyo. Hakikisha mashine ya zamani imezimwa, ndipo uwashe mpya. Rekebisha jina la kadi ya mtandao. Waite watumiaji wakague."

Toleo la pili ni refu zaidi ya mara tano na halina neno hamisha hata mara moja. Linafaa kuonekana katika kichwa cha maelekezo, ambako linataja kazi nzima, na katika ripoti ya baada ya kazi.

Linabaki swali la jina la mashine ya zamani, ile iliyozimwa lakini haijafutwa, inayoendelea kuonekana katika orodha ya haipavaiza ya kwanza. Mafundi wengi huiandikia "imehamishwa". Anayekuja zamu ya Jumatatu asome hivyo, ataelewa kwamba hapo hakuna kitu tena, na atafanya moja kati ya mawili: kuifuta ili kupata nafasi, au kuiwasha kuona kama kweli ni tupu. Lebo inayofaa ni "ya zamani, isiwashwe, isifutwe kabla ya" ikifuatwa na tarehe.